Mgahawa wa pwani wa mawe, chokaa na makuti, wenye shamba lake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mgahawa wa viti 40 hadi 60 kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, tuseme kati ya Lamu na Kilwa, wenye minazi na bustani ya mboga uwanjani mwake. Mfano unaorudiwa ni banda la kulia la mita 8 kwa 12, jiko la kando, ghala na vyoo. Kwa bara, kwenye baridi ya usiku na udongo wa mfinyanzi, mengi hapa hayafai.

Nianze na ramani ya jengo au na shamba?

Na shamba. Litembelee wakati wa masika mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Rudi Januari uone upepo wa kaskazi unaingilia wapi. Weka alama kila mwembe, kila mkungu na kila mnazi unaozaa, kisha ndipo uchore. Jengo husogezwa mita tatu kwa kufuta mstari kwenye karatasi. Mwembe wa miaka 40 hausogei.

Halafu chimba mashimo machache ya nusu mita. Wakulima wa Unguja wanatofautisha kinongo, yaani udongo mwekundu wenye kina, na uwanda, ambako jiwe liko juu juu. Jenga penye jiwe, lima penye udongo. Linalotokea mara nyingi ni kinyume chake: mkandarasi anapenda pale panapochimbika kwa urahisi, msingi unakula udongo wote mzuri, na bustani inapelekwa kwenye mawe. Bustani hiyo huachwa kabla ya mwaka kwisha.

Jiko likae upande gani?

Magharibi, kwa sehemu kubwa ya pwani hii. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, kutoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake, kwa hiyo jiko na vyoo vikiwa magharibi, moshi na harufu havipiti mezani msimu wowote.

Gharama yake ni jua la alasiri. Ukuta wa magharibi wa jiko usiwe na dirisha: weka ghala, rafu za sufuria na stoo ya kuni upande huo, mpishi apate hewa kutoka kaskazini na kusini.

Kiwanja kikiwa kwenye ufukwe unaotazama magharibi, kama ule wa Mji Mkongwe, hesabu inabadilika, maana bahari ndiyo iliyo magharibi na hakuna mgeni anayetaka kutazama jiko. Hapo chagua pembe kwa kufuata msimu wa wageni wako. Wakijaa wakati wa kusi, jiko likae pembe ya kaskazini-magharibi. Wakijaa wakati wa kaskazi, likae kusini-magharibi. Huwezi kuzishinda pepo zote mbili, lakini unaweza kuchagua ni upi ukusumbue wateja wakiwa wachache.

Banda la kulia liwe na kuta?

Kwa kadiri unavyoweza kuziepuka, hapana. Nyumba ya mawe yenye kuta nene inasifiwa kwa ubaridi, na mchana ni kweli. Lakini pwani joto la usiku halishuki sana, na ukuta ulioshiba jua tangu asubuhi huanza kulirudisha saa moja jioni, wakati meza zinapoanza kujaa. Kinachompoza mtu aliyeketi penye unyevu wa pwani ni upepo unaopita mwilini.

Kwa hiyo: banda wazi, nguzo, na baraza ya mawe ya sentimita 45 kuzunguka, ambayo ni kiti na kizuizi cha maji ya mvua kwa pamoja. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, ncha fupi zitazame mashariki na magharibi. Mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 30 kutoka utosini, kwa hiyo upenu wa kaskazini ndio usipunguzwe. Mita moja na robo inatosha. Upenu ushuke hadi mita 2.1 kutoka sakafuni. Ukiuinua zaidi ili “watu waone bahari”, mvua ya kusi itaingia hadi meza ya tatu.

Kuta nene zibaki kwa ghala la chakula na vyoo. Huko zina maana.

Niache umbali gani kutoka baharini?

Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zanzibar na Kenya zina kanuni zake, na tathmini ya athari kwa mazingira hupitia mamlaka ya mazingira ya mahali ulipo: NEMC (Tanzania Bara), ZEMA (Zanzibar) au NEMA (Kenya). Nenda ofisini kabla ya kulipa msanifu.

Hata pasingekuwa na sheria, ukuta wa mawe mbele ya wimbi hurudisha nguvu ya wimbi mchangani, mchanga unachukuliwa, na baada ya misimu michache ukuta unaning'inia. Acha mikadi na majani ya mchangani yashike ufukwe.

Ni mawe gani yanayofaa?

Matumbawe ya nchi kavu, yanayochimbwa kwenye machimbo. Zamani waashi walitumia pia tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa hai, jepesi na rahisi kuchongwa, na ndilo utakaloliona kwenye mihrabu na vidaka vya zamani. Usilinunue: kulikata ni kubomoa mwamba unaovunja mawimbi mbele ya kiwanja chako mwenyewe.

Ukuta uwe na unene wa sentimita 45 hadi 50. Uliza mawe yanatoka wapi, kwa sababu machimbo mengi huachwa yakiwa mashimo wazi katikati ya mashamba ya watu. Na kama msingi wa kiwanja chako unatoa mawe, tumia hayo kwanza.

Kwa nini chokaa? Saruji si imara zaidi?

Imara, ndiyo, na hapo ndipo shida ilipo. Tumbawe lina vitundu na linanyonya maji yenye chumvi kutoka ardhini. Chokaa inayaachia maji hayo yatoke nje yakiwa mvuke. Ukiupaka ukuta huo saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na plasta inabanduka vipande vipande ikiwa imeng'ang'ania uso wa jiwe. Mji Mkongwe una kuta nyingi za kujifunzia hilo. Husuni Kubwa, kasri la Kilwa la karne ya 14, ilijengwa kwa tumbawe na chokaa, na kuta zake bado zinaonekana.

Ila chokaa si kitu kisafi kwa asili. Tanuri la kienyeji linakula magogo mengi. Muulize mchomaji kuni zake ni za nini. Minazi iliyokoma kuzaa na matawi ya miembe ni jibu zuri. Kuni za msituni si jibu zuri.

Chokaa inachanganywaje?

Chokaa iliyotoka tanurini izimwe shimoni au kwenye pipa la chuma, kwa maji mara mbili hadi tatu ya ujazo wake. Tia chokaa ndani ya maji, si maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, kwa hiyo vaa miwani ya kazi na glovu za mpira, na ndoo ya maji safi iwe karibu kwa ajili ya macho. Ichuje kwa wavu, kisha iache ilale chini ya maji kwa mwezi mmoja au zaidi. Fundi mwenye haraka anaitumia baada ya siku mbili, na miezi mitatu baadaye ukuta unaota vipele: ni punje ambazo hazikuzimika, zinapasuka ndani ya plasta.

Kwa kujengea mawe: chokaa 1, mchanga 3. Kwa mahali penye unyevu, kama chini ya ukuta: chokaa 1, unga wa matofali ya kuchoma 1, mchanga 2. Plasta ipakwe mikono mitatu, kila mkono usizidi milimita 12, ukisubiri siku tano hadi saba kati ya mkono na mkono. Loweka ukuta kabla ya kupaka, kisha ufunike kwa magunia yenye unyevu kwa wiki nzima. Plasta ya chokaa iliyopakwa saa sita mchana wakati wa kaskazi inakauka kabla ya kushika, na utaifuta kwa kiganja kama unga.

Mchanga uwe wa mto au wa shimo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na kama kuna nondo popote kwenye jengo, chumvi hiyo itaiozesha na zege litapasuka kufuata mstari wa nondo.

Chokaa isitumike pale inapofikiwa na ndimu, ukwaju au siki. Asidi inaila. Meza za jikoni ziwe za jiwe gumu au chuma kisichoshika kutu, na sakafu ya jiko iwe ya vigae, yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita.

Boriti za mikoko zinaruhusiwa?

Zinauzwa kihalali pale tu penye kibali cha mamlaka ya misitu: TFS kwa Tanzania Bara, KFS kwa Kenya. Omba karatasi, si neno la mdomo. Soko linazitaja kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa jengo hili boriti zinahitajika kwenye dari ya ghala peke yake. Boriti haibebi vizuri zaidi ya mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Ghala liwe na upana wa mita 2.8, basi.

Kwa paa la banda, tumia mvinje. Wakulima wa Kilifi na Kwale wanaupanda kama zao na kuukata ukiwa na miaka michache tu. Unatoa makombamoyo, yaani miti ya kubeba paa, mazuri na yaliyonyooka. Kasoro yake ni bungua, mdudu anayetoboa mbao: mti wa mvinje usiotiwa dawa huanza kumwaga unga mezani mapema. Umenye gome siku hiyo hiyo ulipokatwa, uloweke kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, kisha uukaushe kivulini. Dawa hiyo huoshwa na mvua, kwa hiyo inafaa kwa miti iliyo chini ya paa tu.

Na nguzo? Mnazi mzee, ulioacha kuzaa. Sehemu ngumu ni ile ya nje ya shina, na ya chini kuliko ya juu. Katikati ni laini, haifai kubeba kitu. Kisiki usikiache shambani kioze, maana ndipo chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anapozaliana kabla ya kupanda kutoboa vilele vya minazi iliyobaki. Kichome au kichimbue.

Nguzo zifukiwe ardhini?

Hapana. Kila nguzo isimame juu ya kitako cha jiwe au zege, sentimita 30 juu ya ardhi, ikishikwa na chuma kilichopakwa zinki. Mchwa hupanda hata juu ya zege, lakini hapo njia yake ya udongo inaonekana na mfagiaji anaikwangua asubuhi. Nguzo iliyofukiwa huliwa kimya kimya.

Makuti mangapi yanahitajika, na yanakaa muda gani?

Chukua banda la mita 8 kwa 12. Ongeza upenu wa mita moja kila upande: 10 kwa 14, yaani mita za mraba 140 zikitazamwa kutoka juu. Paa likiinama nyuzi 45, uso wake ni kama mita za mraba 198. Kuti la viungo, yaani lililoshonwa tayari kwa kuezekea, lenye urefu wa kufaa wa sentimita 90, likipangwa kwa nafasi ya sentimita 10, hutumia takriban 11 kwa mita ya mraba: 2,200, na ya akiba na ya mwambani, yaani kileleni mwa paa, 200 zaidi. Pale upenu unapozidi mita, kama ule wa kaskazini, ongeza kwa hesabu hiyo hiyo.

Hapa ndipo bei nafuu inapojificha. Fundi akipanga kwa sentimita 15 atatumia kama 1,470 tu, na ukiwa chini huoni tofauti. Mvua ya pili ya masika itakuonyesha. Mkataba uandike nafasi kati ya kuti na kuti, na usimame na futi mkononi.

Mwinamo usipungue nyuzi 45. Kwenye nyuzi 30 maji hutembea polepole, makuti hayakauki kati ya mvua na mvua, yanaoza. Paa zuri hukaa miaka mitano hadi saba. Mwambani huharibika mapema zaidi, kwa hiyo pakaguliwe kila Februari. Nunua makuti makavu wakati wa kiangazi, kwa sababu yaliyoezekwa mabichi hunywea na kuacha mianya. Banda la kushonea makuti lenye kivuli, penye minazi yako mwenyewe, linaweza kuajiri majirani mwaka mzima na kukuachia akiba ya viraka.

Vumbi na mijusi? Tandika mkeka chini ya makuti juu ya meza. Zamani moshi wa kuni ulifanya kazi hiyo, na ndiyo sababu paa la jiko la bibi lilidumu kuliko la sebule.

Na moto?

Ndilo swali lenye kuua mgahawa. Jiko liwe na paa la bati au zege, na liachane na makuti kwa mita 6 au zaidi. Njia kati yao isiezekwe makuti, hata kwa uzuri. Bomba la moshi lipite paa la jiko kwa mita moja na liwe na wavu wa kuzuia cheche. Nyaya zote zipite ndani ya mabomba, na taa zisigusane na makuti. Bomba la maji lenye mpira unaofika mwambani liwe mahali ambapo mtu halifikii kwa kupita jikoni. Mishumaa mezani iwe ndani ya gilasi. Kaskazi ikivuma, paa la makuti huungua lote kabla hujamaliza kupiga simu.

Maji ya mvua yanatosha?

Kwa kunywa na kupikia tu. Maji ya paa la makuti ni ya rangi ya chai, yaende bustanini. Paa la bati la jiko na ghala ndilo la kuvunia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 80, ukitoa sehemu inayopotea, litakupa kama lita 75,000. Hizo ni lita 200 kwa siku. Tangi la lita 20,000 litakuvusha siku 100 za ukavu. Maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe, ni mavi ya ndege na vumbi.

Kisima cha pwani kina tabia yake. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa nadharia, ukishusha uso wa maji matamu sentimita 10, chumvi inapanda kama mita 4 kutoka chini. Pampu ndogo inayovuta polepole usiku kucha ni salama. Pampu kubwa ya nusu saa huharibu kisima, na cha jirani pia.

Maji machafu ya jikoni yaende wapi?

Si kwenye shimo linaloacha maji yanywewe na ardhi. Juu ya tumbawe maji hayachujwi: yanapita kwenye nyufa na kutokea kisimani au baharini.

Kwanza mtego wa mafuta, vyumba viwili, lita 300 kwa uchache. Mitego mingi hutegemea mafuta yagande. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na maji ya pwani yana joto zaidi ya hapo, kwa hiyo hayagandi. Yanaelea tu, tena sabuni ikizidi yanapita. Dawa ni mbili: kufuta sufuria kwa makumbi kabla ya kuosha, na kutoa mafuta mtegoni kila wiki bila kusubiri harufu.

Kisha kitanda cha matete: shimo lililotandikwa plastiki nzito, likajazwa kokoto kina cha sentimita 60, maji yakisimama sentimita 50, chini ya uso wa kokoto ili mbu wasizae. Kwa lita 1,000 za maji kwa siku na siku tatu za kukaa humo, unahitaji mita za mraba 15. Yanayotoka yanywe migomba na minazi, si mchicha. Vyoo viwe na tangi lililozibwa, mita 30 kutoka kisimani au zaidi.

Shamba langu litalisha mgahawa wote?

Halitalisha, na menyu inayodai hivyo inadanganya. Fanya hesabu ya nazi peke yake. Jiko la chakula cha pwani linaweza kukuna nazi 30 kwa siku, karibu 11,000 kwa mwaka. Mnazi wenye matunzo ya kawaida ukitoa 50, unahitaji minazi 220. Ukipanda kwa mita 9 kwa 9, hekta moja inachukua 123. Ni karibu hekta mbili za nazi tu, kabla hujapanda bamia moja. Nunua kwa majirani, tena kwa makubaliano ya msimu mzima, na shamba lako libebe vile visivyovumilia safari: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya mlimao, mchaichai, pilipili, ndimu.

Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Tengeneza matuta manne ya mita 1 kwa 10, upande moja kila wiki; ukipanda yote siku moja utakuwa na mlima wa mchicha wiki moja na soko wiki tatu. Matuta yawe ndani ya hatua 30 kutoka mlango wa jiko. Yakiwa mbali, mpishi hatakwenda mwenyewe, atatuma mtu, na huyo atachuma yaliyo karibu na njia.

Taka za jikoni je?

Machicha ya nazi ni ya kuku. Vifuu ni mkaa mzuri. Makumbi ni matandazo ya bustani, au yafukiwe kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa yawe usumba wa kamba, na kamba hizo ndizo za kufungia fito za paa, maana hazishiki kutu kama misumari.

Mabaki laini yaende kwenye mtambo wa biogesi: kilo 10 hutoa kama mita moja ya ujazo ya gesi, yaani saa mbili na nusu za jiko moja. Maganda ya ndimu, vitunguu vingi na maji ya sabuni huua mtambo. Vikitiwa, gesi hukatika siku chache baadaye na hakuna anayekumbuka ni nini kilichotiwa. Bandika orodha juu ya ndoo.

Matengenezo ya mwaka yakoje?

Januari na Februari: mwamba wa paa, viraka vya makuti, chokaa nyeupe ya kuta. Machi, kabla ya masika: mifereji, tangi, na wavu wa bomba la moshi. Juni: angalia plasta ya chini ya kuta, ukaze kamba. Oktoba, kabla ya vuli: punguza matete, toa tope kwenye mtego hadi chini, kagua vitako vya nguzo. Tenga fedha za paa jipya tangu mwaka wa kwanza, sehemu moja ya tano kila mwaka.